Injini Iliyozimwa Haisikilizwi

Bomba la maji la uani lilikuwa likivuja kwa miaka ishirini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mmoja mwenye nyumba alikuwa akisema, "Kesho nitalifunga." Mwenyewe alikuwa fundi, na nyumba za mafundi mnazijua: kinyozi ana nywele kama kuku aliyenyeshewa, na seremala anakalia debe. Tone lilianguka kwenye karai la bati, tii, likatulia, tii, likatulia, na binti wa nyumba ile alijifunzia kuhesabu hapo kabla hajapelekwa shule.

Siku hiyo, saa nane mchana, mke wa fundi alisimama uani na sahani mbili za kuosha, akalitazama lile karai mpaka jua likamchoma utosini.

"Mzee wangu, hebu njoo usikie."

"Nisikie nini?" akauliza fundi kutoka ndani, mdomo umejaa.

"Ndiyo hivyo. Hakuna."

Fundi akatoka. Tone likajikusanya mdomoni mwa bomba, likavimba, likang'oka, likaanguka kwenye bati. Maji yakaruka. Mlio haukuja. Akachuchumaa, akalitegea karai sikio. Tone la pili likamrukia puani, nalo lilikuwa bubu.

"Nimekuwa kiziwi," akasema.

"Ungekuwa kiziwi ungenisikia mimi? Au sauti yangu inapita njia nyingine?" Mkewe akacheka, na alipocheka yeye mabati yalitingishika na majirani wakaanza kucheka bila kujua sababu. Fundi naye akacheka, lakini kidogo, maana yeye alijua tone lile limekwenda wapi. Au tuseme alikuwa anaanza kujua, na hakutaka.

Mtu huyu jina lake la mtaani lilikuwa Bisibisi. Hakulipata kwa wembamba, maana alikuwa na tumbo la kuwekea redio. Alilipata kwa jinsi alivyofanya kazi. Ukimletea pikipiki mgonjwa, alikwambia uiwashe, akachukua bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama mtu anayeambiwa siri. Kisha akatoa hukumu: "Pistoni imechoka. Na mwenye pikipiki ana ugomvi na mkewe, anaingiza gia kwa hasira." Yote mawili yalikuwa kweli, na wengi walirekebisha la kwanza tu.

Enzi hizo mtaa ulikuwa na sauti. Mkunga alikuwa na Mzee Kohoa, pikipiki iliyokohoa mara tatu kabla ya kukubali kwenda popote, na wajawazito walipoisikia ikikohoa mwanzo wa barabara walipata nafuu kabla hata mkunga hajashuka. Mwalimu wa hesabu alikuwa na Tarumbeta. Wanafunzi waliisikia ikiwa bado kilomita mbili, wakapata muda wa kutosha kunakili majibu. Bisibisi alizijua ishirini na saba, kila moja kwa pumzi yake, na jioni barazani watu walimwomba aziige kwa mdomo. Alifanya hivyo akitoa na moshi. Moshi ulikuwa wa sigara, lakini nani aliuliza?

Halafu zikaja pikipiki za umeme. Zilikuja kimya kimya, kama paka aliyekula nyama ya jirani. Zinapita nyuma yako, unashtukia kivuli. Haziungurumi, hazikohoi, hazinuki, na zikiharibika fundi wake ni simu. Ndani ya miaka mitatu za zamani zikaisha zote, zikauzwa vyuma chakavu, na sikio la Bisibisi likakosa kazi. Alikaa gerejini kwake, chumba kimoja kilichoshikana na nyumba, akizitazama spana zilizotundikwa ukutani kwa ukubwa wake, kutoka ndogo hadi kubwa, kama watoto wa shule wasio na mwalimu. Msimcheke. Mtu aliyezoea kuambiwa siri na vyuma, vyuma vikinyamaza, anabaki na nani?

Ndipo alipoiona Kigugumizi. Aliikuta kwa muuza vyuma chakavu, imelala chali juu ya friji bovu. Haikuwa na plagi wala kabureta, na ndani ya bomba la moshi palikuwa na kiota kikavu cha ndege. Lakini tangi la bluu alilijua, na bonde dogo ubavuni mwa tangi alilijua zaidi, maana alilitia yeye mwenyewe kwa goti siku ya harusi yake. Pikipiki ile ndiyo iliyomleta mkewe. Ilikuwa na pigo lake peke yake: pap, pap, pap, halafu inaruka pigo moja, kama mtu anayemeza mate, halafu pap, pap, pap. Kila iliporuka, bibi harusi nyuma yake aliangua kicheko, na kicheko chake kikajaza lile pengo. Njia nzima. Watu walitoka majumbani kuwatazama. Fundi cherehani, mtani wake wa nyumba ya pili, mpaka leo aliweza kuipiga pap-pap ile kwa vidole juu ya meza.

Bisibisi aliisukuma Kigugumizi mpaka nyumbani, akaiegemeza katikati ya gereji, akaipangusa kwa kitambaa. Na mchana mmoja, watu wamelala baada ya kula, upweke ukamzidi. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini, mpini sikioni.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake asingelifanya muuza duka wala karani. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na vidole saba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza vingine vitatu viko wapi. Mzee yule alimwambia siku ya kwanza kabisa: "Injini iliyozimwa haisikilizwi. Ukimsikiliza mzima utasikia ugonjwa wake. Ukimsikiliza maiti utamsikia aliyehamia humo." Kwa miaka thelathini Bisibisi aliishika sheria hiyo. Mchana ule akaiachia.

Kwanza alisikia chuma tu. Kisha pumzi. Kisha kukaja sauti, na sauti ile iliongea kwa kuvuta hewa badala ya kuitoa, kama mtu anayeongea huku akizama.

"Unataka ipi?"

Mtu mwenye akili angetupa bisibisi na kukimbia mpaka miguu iombe talaka. Lakini sikio lililokaa miaka mitatu bila mgeni halimfukuzi anayebisha hodi.

"Ipi nini?"

"Sauti."

"Zote!" akasema Bisibisi, akacheka.

"Na mimi?"

"Wewe chukua chochote. Nyumba hii ina kelele mpaka kelele zenyewe zinalalamika."

Alidhani anatania. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha. Mara bisibisi ikatetemeka mkononi mwake, na ndani ya ile injini isiyo na plagi, isiyo na tone la petroli, Tarumbeta ya mwalimu wa hesabu ikawaka, nzima, changa, na kile kimlio chembamba cha mnyororo wake usiotiwa grisi, na Bisibisi akaanguka magotini akilia kama mtoto aliyeokotwa sokoni.

Kesho yake ndiyo tone lilipopoteza mlio.

Baada ya hapo kila mchana alijifungia gerejini, na kila mchana alisikilizishwa nyingine. Alipopewa Mzee Kohoa, jogoo wa jirani alipanda ukutani, akatanua kifua, akafungua mdomo kama mheshimiwa mkutanoni, ikatoka hewa tupu. Jogoo akajitazama. Akajaribu tena. Akashuka, akaenda kujificha nyuma ya pipa, na majike wakaanza kumpita bila salamu. Alipopewa zile pikipiki mbili za posta, cherehani ya mtani wake ikanyamaza. Sindano ilipanda na kushuka bila mlio, na fundi cherehani, ambaye miaka yote alishona akiongozwa na mdundo, akajishona kidole gumba kwenye mfuko wa suruali ya mteja.

"Bisibisi," akasema, akiwa ameinua kidole kilichofungwa kitambaa, "mtaa huu kuna kitu kinakula. Na kwako kunanuka."

"Kunanuka nini?"

"Oili iliyoungua. Pikipiki za zamani. Nani anawasha pikipiki mtaa huu?"

"Pua yako imezeeka."

"Afadhali pua yangu. Wewe umezeeka uso kwa wiki mbili."

Kweli. Mashavu yalikuwa yamemwingia. Lakini aliwezaje kuacha? Alikuwa amepewa ishirini na sita, imebaki moja, ile aliyoitaka tangu mwanzo. Kila alipoiomba, mwenyeji wa injini alivuta pumzi na kusema, "Hiyo ina mwenzake. Nikikupa, namchukua mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Wewe sema tu, 'Chukua.'"

"Chukua," akasema Bisibisi.

Na Kigugumizi ikawaka. Pap, pap, pap, ikameza mate, na palepale katika lile pengo kikaingia kicheko cha msichana wa miaka ishirini na mbili aliyemshika kiuno, chenye upepo na vumbi ndani yake. Bisibisi alikaa pale mpaka mkono ukafa ganzi. Alipotoka, alimkuta mkewe mlangoni pa jiko, fundi cherehani amemaliza kumsimulia habari ya jogoo, na mkewe mdomo u wazi, mabega yanaruka, machozi ya kucheka yanamtiririka. Sauti haikuwepo. Mabati yalikuwa yametulia. Mkewe akajishika koo, akamtazama mumewe. Polepole mdomo ukafunga.

"Nimecheka," akanong'ona. Kuongea aliweza. "Nimecheka, sijajisikia. Mzee wangu, nini hiki?"

Usiulize mtu wa mizaha alijibu nini. Alisema atamletea dawa ya kikohozi.

Siku ile akaapa. Akaifunika Kigugumizi kwa turubai, akaifunga kamba, bisibisi ndefu akaitupa chooni, na alikuwa na sababu kubwa kuliko woga: binti yake, ambaye mumewe alifanya kazi mbali, alikuwa chumba cha pili na mimba ya miezi tisa, akishona vikofia vidogo. Bisibisi alipita mbele ya mlango ule akijiambia kwamba mambo yamekwisha, ameshaacha, mtu akiacha ameacha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Alisema *chochote*. Hakusema mpaka lini.

Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi, zahanati, jua limejaa dirishani. Mtoto wa kike, mzima, vidole kumi na kumi. Nesi akamwinua, mtoto akakunja uso, akafungua kinywa mpaka ufizi ukaonekana, ngumi zikatetemeka, kifua kikapanda na kushuka. Chumba kizima kikamngoja. Nesi akampiga kofi dogo. Akampiga la pili.

"Analia," akasema nesi. "Analia huyu. Mbona..."

Daktari alimulika koo, akasikiliza mapafu. Kila kitu kizima, akasema, na akawarudisha nyumbani haraka kidogo, kama mtu anayetaka kunawa mikono.

Mnajua mtoto asiye na kilio ni hatari gani? Mtoto ana silaha moja tu duniani, ndiyo hiyo. Siku ya tatu kanga ilimteleza usoni, naye akalia na kulia chini ya kanga ile hatua mbili kutoka kwa mama yake aliyegeuka kukunja nguo, na kama bibi yake asingeingia kutafuta sabuni wangemkuta amepoa. Midomo ilikuwa imeshakuwa ya bluu. Kuanzia hapo binti hakulala. Alimwomba fundi cherehani uzi mgumu wa kushonea suruali za jinzi, akafunga ncha moja mguuni mwa mtoto na nyingine kifundoni mwa mkono wake, ili mtoto akirusha mguu mama ashtuke. Hivyo ndivyo walivyoishi, mama na mwana, kwenye ncha mbili za uzi, na kila Bisibisi alipouona uzi ule alitamani ardhi ifanye kazi yake immeze.

Siku ya saba, saa nane mchana, nyumba imetulia, mtoto akilia kimya mapajani mwa bibi yake, kukasikika kilio cha mtoto. Hakikutoka kinywani mwake. Kilitoka gerejini. Kilikuwa chembamba, kibichi, kilio cha mtoto mwenye njaa, na binti aliposikia maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha nguo kifuani, na kabla mtu hajamshika alikuwa ameshakata uzi kwa meno, ameshatoka mbio pekupeku, na Bisibisi nyuma yake akiita "Mwanangu, usiende, mwanangu!" na mlango wa gereji ukiwa wazi ingawa yeye mwenyewe aliufunga na kufuli ikiwa bado imening'inia imefungwa, na kamba ya turubai imekatika vipande vipande sawasawa kama iliyopimwa kwa rula, na harufu ya oili iliyoungua ikiwa nzito mpaka ikaacha utando ulimini, na ndani ya moshi wa bluu usiotoka popote binti yake amepiga magoti nyuma ya Kigugumizi, amefungua vifungo vya kifua, shavu amelilaza kwenye bomba la moshi, anabembeleza, "Nyamaza, mama yuko hapa, nyamaza," na bomba linalia, na kila linapolia kile kiota kikavu kinavutwa ndani, jani kwa jani, kama kitu kule ndani kinavuta hewa kijiandae kulia tena.

Bisibisi alimbeba binti yake begani kama gunia. Binti alimng'ata sikio. Lile lile la kazi.

Jioni ile akaeleza kila kitu, mbele ya mkewe, binti na fundi cherehani. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu.

"Ulisema chochote," mkewe akarudia.

"Nilikuwa natania."

"Miaka thelathini nakwambia mizaha yako haina breki."

Fundi cherehani ndiye aliyemleta Bibi Kinu. Huyu alikuwa mganga, lakini kabla ya uganga alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka kwa miaka ishirini na tano, na mashine ikamla masikio yote mawili. Alikuwa kiziwi kama jiwe la kusagia. Alisoma midomo ya watu, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, aliongea kwa sauti ya kuita mvua. Siri yote ya Bisibisi ikafika mwisho wa barabara kabla Bibi hajakalia kigoda.

"JINI LA SIKIO!" akapiga kelele, akimkazia Bisibisi macho. "LINAINGIA KWA SIKIO, LINAKULA SAUTI! MIMI HALINIPATI, MLANGO WANGU ULIZIBWA NA UNGA!"

"Shikamoo, Bibi. Tafadhali, polepole," akaomba Bisibisi.

"MARAHABA! UNASEMAJE?"

Hata binti, pamoja na macho yake mekundu, alikaribia kutabasamu.

Dawa yake ilikuwa fupi. Kilichochukuliwa hurudi kikirudishwa kilichopewa. Bisibisi akae mbele ya injini, aweke mdomo kwenye tundu la plagi, aige kila sauti aliyokuwa nayo kichwani, moja baada ya nyingine, kikao kimoja. Kila atakayoitoa haitarudi tena kichwani mwake. "NA ZOTE!" akasema Bibi, kidole kikimgusa puani. "UKIBAKIZA MOJA UMEMWACHIA MLANGO, ATATOKEA ANAPOTAKA YEYE. ZIKO NGAPI?"

Bisibisi akamtazama mkewe. Akatazama tangi la bluu.

"Ishirini na sita."

Bibi aliitazama midomo ile kwa muda. "MIMI SISIKII," akasema, na kwa mara ya kwanza akashusha sauti kidogo, "lakini naona. Shauri yako."

Walitoka wote, akabaki Bibi mlangoni na chetezo. Bisibisi akainama kwenye tundu la plagi. Alianza na Tarumbeta. Aliiga vizuri kuliko alivyowahi barazani, na ilipoisha, pale ilipokuwa kichwani pakawa kama nyumba iliyohamwa: jina liko mlangoni, ndani hakuna mtu. Akatoa Mzee Kohoa. Akatoa za posta. Midomo ikapasuka, damu ikachanganyika na kutu, na ndani ya injini kitu kilipokea kila sauti kwa kuimeza, kwa kuridhika, kama mzee anayekunywa uji. Ya ishirini na sita ilipotoka, akanyamaza. Ndani kukangoja. Yeye naye akangoja. Kisha akainua kichwa, akasema, "Zimekwisha."

Kutoka nyumbani mtoto akalia.

Jamani, alilia! Alilia madeni yote ya siku kumi, mama yake akalia, bomba likaanza tii, tii, cherehani ikadunda, na jogoo akatoka nyuma ya pipa, akawika saa tisa alasiri bila kupumzika mpaka magharibi, akimwelezea kila kuku. Fundi cherehani alicheza peke yake uani. Mke wa Bisibisi akafungua kinywa acheke.

Mabega yaliruka. Mabati yalitulia.

Alisubiri wageni waondoke. Aliosha sufuria, akapangusa mwiko, akaja nao mkononi.

"Umebakiza," akasema.

Bisibisi akapangusa kutu midomoni.

"Umebakiza ipi?"

"Ya harusi." Akaanza kulia. "Siwezi, mama watoto. Wewe umo ndani. Kicheko chako cha siku ile kimo humo humo, nikiitoa nacho kinakwenda. Sitakuwa nacho popote."

"Mimi simo ndani ya pikipiki, mzee wangu. Mimi niko hapa, nimeshika mwiko." Akaketi ubavuni pake. "Nina mjukuu. Nataka anijue nikicheka. Wewe unataka kunikumbuka, na mimi bado sijafa."

Siku mbili alizunguka na neno hilo. Ya tatu akaenda gerejini peke yake, hakumngoja Bibi Kinu, akaweka mdomo kwenye tundu, na akaitoa. Pap, pap, pap. Alipofika kwenye lile pengo akasikia mara ya mwisho mikono ya msichana kiunoni, upepo, na kitu kingine ambacho alipojaribu kukishika hakujua tena kilikuwa nini. Ndani ya injini hakuna aliyekimeza. Ndiyo, hapo angepaswa kuogopa. Injini ilikuwa tupu, baridi, chuma kitupu, kama chumba ambacho mpangaji ameshahama. Yeye akaona ni heri. Siku ileile mwashi akaja na saruji, akaijaza mpaka shingoni.

Alasiri wakakaa uani kunywa chai: Bisibisi, mkewe, fundi cherehani na kidole chake, binti na mtoto kifuani. Uzi ulikuwa umefunguliwa. Wote walikuwa wakimtazama Bisibisi, naye, mtu aliyechekesha watu hata msibani, alikuwa akitafuta mzaha mmoja tu.

"Leo," akaanza, "nimemkuta jogoo anawaomba radhi kuku wake. Anawaambia, zile siku sikuwa mgonjwa, nilikuwa natafakari."

Fundi cherehani akapasua kicheko. Binti akaguna. Mke wa Bisibisi akafungua kinywa, mabega yakaanza kuruka, na kwa muda kulikuwa kimya, na tone likaanguka kwenye karai.

Halafu sauti ikaja. Ilitoka chini, tumboni, ikapanda.

Pap. Pap. Pap.

Ikameza mate.

Pap, pap, pap.

Kikombe kikamponyoka fundi cherehani. Binti akamziba mtoto masikio kwa viganja viwili, akarudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani. Mke wa Bisibisi alikuwa amejishika koo kwa mikono yote, macho yamemtoka, akimtazama mumewe, na puani mwake ukachirizika uzi mwembamba wa moshi wa bluu.

Bisibisi alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wa lile sikio, machozi ya furaha yanamtiririka. Kicheko cha harusi kilipotoka kichwani kiliondoka na vyote vilivyokifuata: miaka thelathini ya kicheko, na hakumbuki kimoja. Lakini mkewe amecheka, na kama amecheka, basi kicheko chake ndicho hiki. Kila aliyekuwa pale uani aliijua sauti ile, isipokuwa yeye.

"Cheka tena, mama watoto," akasema. "Cheka tena."